Begi Zima la Mtu Mwingine: Kisa cha Mrukaji Mpya wa Mwavuli katika Pwani ya Mashariki ya Unguja

Maelezo ya awali

Kisa hiki kinamhusu kijana wa Unguja aliyejifunza kuruka angani kwa mwavuli, akapata leseni yake ya kwanza, akanunua vifaa vyake mwenyewe, na miezi minne baadaye akavunjika kifundo cha mguu katika maji ya kufika magotini. Majina, tarehe na jina la ufukwe yameondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili asitambulike. Vipimo vya vifaa, mfuatano wa matukio na maamuzi yaliyofanywa yameachwa kama yalivyokuwa. Mwenyewe ameisoma rasimu na ameridhia itolewe. Mimi pia naruka, kwa miaka mingi kumzidi, na katika kisa hiki nina sehemu yangu ambayo sitaificha.

Usuli

Kijana huyu, ambaye nitamwita mrukaji, anafanya kazi za utalii. Ana urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 74, mpana wa kifua na mfupi wa kiwiliwili. Maumbile yake nayataja kwa sababu yatarudi tena na tena hapa chini. Alijifunza katika kituo kilicho nje ya Zanzibar, akaanza na mwavuli wa wanafunzi wa futi za mraba 260, akashushwa hadi 230, na akamalizia mafunzo kwa mwavuli wa 210. Leseni A, kwa utaratibu wa USPA, chama cha warukaji cha Marekani ambacho kanuni zake hutumiwa hata nje ya nchi hiyo, inataka miruko isiyopungua 25. Yeye aliipata baada ya miruko 27.

Kwa msomaji asiyezoea mambo haya, mgongoni mwa mrukaji huwa kuna begi lenye miavuli miwili: mkuu, unaokaa sehemu ya chini, na wa akiba, unaokaa juu karibu na mabega. Begi limeshonwa pamoja na hanesi, yaani mikanda inayopita mapajani, kifuani na mabegani. Kifuani pana vishikio viwili: cha kulia ni cha kuuachia mwavuli mkuu unapokorofisha, na cha kushoto ni cha kuufungua wa akiba. Kuna ukanda mwembamba unaounganisha miavuli hiyo miwili, ili mkuu ukiachiwa uuvute wa akiba papo hapo, na kuna kifaa cha kielektroniki kinachoufungua wa akiba chenyewe iwapo mtu bado anaporomoka kwa kasi akiwa amebakisha kiasi cha futi 750 kufika chini.

Kipo kipimo kimoja kinachotangulia vyote wakati wa kuchagua mwavuli. Chukua uzito wa mrukaji pamoja na vifaa vyake vyote, kwa pauni, ugawe kwa futi za mraba za mwavuli. Kilo 74 za kijana huyu ukijumlisha na kilo 11 hivi za vifaa ni kilo 85, ambazo ni pauni 187. Chini ya mwavuli wa 210 alikuwa akibeba pauni 0.89 kwa kila futi ya mraba. Walimu wengi humtaka mrukaji mpya asivuke pauni 1, kwa kuwa kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo mwavuli unavyokwenda kasi zaidi, unavyogeuka kwa ukali zaidi, na unavyopoteza kimo kingi zaidi katika kila kona. Kwa uzito wake, mwavuli wa kuanzia ulikuwa 190 au mkubwa zaidi.

Ununuzi

Aliyeuza alikuwa mgeni aliyekaa Unguja kwa muda, mwenye miruko mia kadhaa, ambaye alikuwa akirejea kwao na hakutaka kusafiri na mzigo. Alikuwa mrefu mno, karibu mita 1.90, na mwembamba. Begi lake lilikuwa na mwavuli mkuu wa 150, wa akiba wa 143, na kifaa cha kielektroniki kilichokuwa bado ndani ya muda wake wa matumizi. Bei ilikuwa chini ya nusu ya bei ya vifaa vipya, na muuzaji alikuwa tayari kulipwa kwa awamu mbili.

Ni rahisi kumlaumu mrukaji kwa ununuzi huu, lakini sababu zake zilikuwa na uzito. Kila aliporuka kwa vifaa vya kukodi alilipa kodi hiyo juu ya nauli ya ndege na gharama ya safari ya kutoka kisiwani, na alikuwa ameshapiga hesabu kwamba begi lingejirudishia thamani yake ndani ya miruko sitini au sabini. Hapa kwetu hakuna duka la vitu hivi. Anayetaka mwavuli wa 190 hana pa kwenda kuuangalia. Anasubiri apite mtu mwenye nao, na huenda asipite. Begi likitokea, tena safi, tena kwa mtu anayemfahamu, mtu huliona kuwa ni riziki, na riziki haikataliwi kwa sababu ya tofauti ya tarakimu mbili.

Muuzaji hakusema uongo. Alisema vifaa ni vizima, na vilikuwa vizima. Alisema mwavuli ule haujawahi kumfanyia vituko, na bila shaka haukumfanyia. Mrukaji alipomwuliza kama 150 si mdogo kwake, alijibiwa kwamba ataukulia. Neno hilo, kuukulia, linafaa kwa kanzu ya Idi ya mtoto. Mtoto huikulia kanzu kwa sababu ni kubwa, na hapa mwavuli ulikuwa umepungua kwa uzito wake.

Kisha aliniuliza mimi. Alinitumia picha sita kwa simu na maneno haya: "Kaka, nimepata begi. Hebu litazame." Nilizitazama nikiwa kwenye daladala. Kitambaa kilikuwa kinang'aa, kamba hazikuwa zimechanika, mishono ya hanesi ilikuwa imara, na karatasi ya mwavuli wa akiba ilionesha kwamba umekunjwa na fundi mwenye kibali miezi mitatu nyuma. Nikajibu, "Begi safi hilo." Sikumwuliza ukubwa wa mwavuli, sikumwuliza kilo zake, wala sikumwambia alivae kwanza. Yeye aliyachukua maneno yangu matatu kuwa ni idhini, na nani angemlaumu?

Miruko minne ya mwanzo kwa begi hilo aliifanya kulekule alikojifunzia, kwenye kiwanja kikubwa cha majani, asubuhi, upepo ukiwa mdogo. Yote ilikwenda vizuri. Mwalimu mmoja wa pale alimwambia kwamba mwavuli umemshinda ukubwa, kwa maana ya udogo wake, na akamshauri aendelee kukodi wa 190 mpaka atimize miruko mia. Mrukaji alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, na akaona kwamba miruko minne mizuri ilikuwa imeshamjibu kwa niaba yake.

Siku ya tukio

Mwezi Februari, katika msimu wa kaskazi, kikundi cha warukaji kiliweka kambi ya siku tatu katika ufukwe mmoja wa mashariki ya Unguja. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa ya mwisho kwa ndege kuwepo, ilikuwa katika bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida.

Anayeujua upande ule wa kisiwa anajua maana ya bamvua pale. Saa nne asubuhi maji yamekupwa, mchanga na vidimbwi vimetandaa kwa mamia ya mita kuelekea kwenye mwamba, na kina mama wamo ndani kabisa wakishughulikia mwani wao katikati ya vijiti na kamba. Alasiri, palepale, bahari imefika kwenye mizizi ya minazi. Ufukwe unaobaki ni utepe wa mchanga ambao katika sehemu hiyo haukuzidi mita 25 kwa upana.

Mruko wa kwanza wa mrukaji siku hiyo, ambao ulikuwa wa 32 katika maisha yake, ulifanyika saa nne na robo asubuhi. Upepo wa chini ulikuwa noti 8, na noti moja ni maili moja na kidogo kwa saa. Alitua kwenye mchanga mpana akiutazama upepo, umbali wa mita 60 kutoka alipokusudia, na hakuna aliyejali mita hizo kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Kabla ya ndege kupaa, kiongozi wa kambi alikuwa ametoa maelekezo kwa wote: vizibao vya kuelea vivaliwe muda wote, boti itakuwa majini, na mtu akiona ataangukia baharini alegeze mkanda wa kifua lakini asijitoe kwenye hanesi mpaka miguu iguse maji, kwa sababu juu ya maji jicho hudanganyika na mtu hujiachia akiwa bado juu sana.

Mruko wa pili ulipangwa saa nane, ukachelewa kwa ajili ya mafuta ya ndege, na hatimaye ndege ilipaa baada ya sala ya alasiri. Upepo ulikuwa umeshafika noti 14. Kiongozi alibadilisha mpango wa kutua: kwa kuwa utepe ulikuwa mwembamba, wote watue sambamba na ufukwe wakielekea kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kulia na minazi mkono wa kushoto, ingawa upepo utawajia kwa upande kutoka kaskazini mashariki. Agizo hilo lilitolewa karibu na mlango wa ndege, injini ikiwa imeshawashwa. Mrukaji anasema alilisikia na akaitikia kwa kichwa.

Waliruka kutoka futi 10,000. Mrukaji aliufungua mwavuli kwenye futi 4,000, juu ya kima cha chini cha futi 3,000 kilichowekwa kwa wenye leseni A, na ulifunguka vizuri. Kwenye futi 1,000 alikuwa mahali pake, akishuka kuelekea kusini juu ya maji ya kando. Aligeuka mara mbili kama ilivyopangwa na kuingia kwenye mstari wa mwisho akitazama kaskazini, utepe wa mchanga ukiwa mbele yake.

Hapo ndipo upepo wa ubavuni ulipoanza kumsogeza kushoto. Aliona makuti yakimkaribia. Kwa maelezo yake mwenyewe, mambo mawili yalimjia kwa pamoja: minazi, na sauti ya mwalimu wake wa mwanzo ikimwambia kwamba siku zote mtu hutua akiutazama upepo. Akiwa kwenye kimo cha mita 20 hivi, aliuvuta usukani wa kulia, yaani kishikio cha kamba ya kuugeuzia mwavuli upande huo, hadi kiunoni.

Kwa mwavuli wa 210, mvuto kama huo ungempa kona ya wastani. Huu wa 150 uliinama ubavu na kupiga mbizi. Niliuona kutoka ufukweni, na kilichonibaki akilini ni kivuli chake juu ya maji, namna kilivyokimbilia miguu yake. Kabla ya kona kufika nusu alikumbuka jambo moja, akaushusha na usukani wa kushoto, akausawazisha mwavuli, kisha akavuta yote miwili kwa nguvu zote. Aligonga maji ya kina cha nusu mita, miguu ikiwa mbalimbali, wa kulia ukitangulia. Chini ya maji hayo ulikuwepo mchanga mgumu.

Hayakuishia hapo. Alianguka chali, begi likazama, na mwavuli, ambao kwa kawaida hulala mtu anapotua, ulijaa upepo tena na kuanza kumburura kutoka majini kuelekea kwenye minazi. Alijaribu kukitafuta kishikio cha kuuachia mwavuli mkuu. Mkono ulikwenda kifuani, mahali ulipozoeshwa kwenda, na haukukuta kitu. Hanesi, iliyokatwa kwa mtu wa mita 1.90, ilikuwa imepanda na kujizungusha, na kishikio kilikuwa kwapani.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akikalafati dau lake chini ya mti. Hakukimbilia kumshika kijana wala hakuzishika kamba. Alikimbilia upande wa nyuma wa mwavuli, akakamata pindo la kitambaa, akalivuta kwake, na akaketi juu yake. Mwavuli ukanywea. Mrukaji alipompa shikamoo akiwa bado amelala, uso umejaa mchanga, mzee aliitikia marahaba, kisha akamwuliza kwa mshangao wa kweli ni nani aliyemfundisha kushusha tanga kwa kulivuta mbele.

Huduma na matokeo

Kambi ilifanya yaliyopaswa kufanywa: hakunyanyuliwa mpaka shingo na mgongo vilipoangaliwa, kiatu hakikuvuliwa, mguu ulifungwa kwenye kipande cha ubao, na alipelekwa hospitali mjini kwa gari. Kifundo kilikuwa kimevunjika sehemu mbili. Alifungwa plasta, alikosa kazi kwa wiki tisa, na sasa anatembea bila kuchechemea isipokuwa akipanda ngazi.

Vifaa vilioshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo na kukaushwa kivulini, kwa kuwa jua huchosha nailoni. Ndugu zake walitaka kuvianika uani juani kama nguo. Mwavuli wa akiba, ambao nao ulilowa, pamoja na kifaa cha kielektroniki vilipelekwa kwa fundi mwenye kibali nje ya nchi, na gharama hiyo ilikula sehemu nzuri ya fedha alizodhani ameziokoa.

Uchambuzi: hanesi kwanza

Nilipoanza kuandika nilidhani ningeanza na ukubwa wa mwavuli. Baada ya kumvalisha mrukaji begi lile nyumbani, mguu ukiwa bado kwenye plasta, nimebadilisha mawazo.

Tulimfunga mikanda yote kwa kadiri ilivyoweza kukazwa. Akisimama wima, ilionekana kama imemkaa. Kisha tulipitisha kamba kwenye boriti, tukaifunga kwenye pete za mabegani na kumning'iniza, kama wanafunzi wanavyoning'inizwa darasani. Hanesi ilipanda kwa upana wa viganja viwili. Mkanda wa kifua ulifika kooni, na vishikio vyote viwili vilihama mahali pake, kimoja kikajificha chini ya mkono wake. Nilimwambia afumbe macho avivute. Cha kulia alikipata mara ya tatu. Cha kushoto hakukipata.

Sasa tuseme hayo yangemkuta angani, mwavuli mkuu umefunguka vibaya na unamzungusha, naye ana leseni A, ambayo inamtaka awe ameshaamua kuuachia kabla ya kushuka chini ya futi 2,500. Mkono mmoja unapapasa kwapani. Kila sekunde ya kupapasa ni futi nyingi. Kifundo cha mguu kilikuwa bei ndogo kwa kugundua kasoro hii, na kasoro hii haina uhusiano wowote na bamvua wala kaskazi. Ilikuwa naye katika ile miruko minne mizuri pia. Kuning'iniza mtu kwenye boriti kunataka kamba na dakika kumi, na mimi ningeweza kulifanya jambo hilo kabla hajalipa awamu ya kwanza.

Tarakimu ambazo hakuna aliyezigawa

Pauni 187 chini ya mwavuli wa 150 ni 1.25. Alitoka kwenye 0.89 na kufika hapo kwa hatua moja, akizivuka saizi za 190 na 170 ambazo kila moja ilipaswa kumkalisha kwa miruko mingi. Muuzaji alizijua tarakimu zake mwenyewe. Mimi nilizijua kanuni. Mwalimu aliyemwonya alikadiria kwa macho. Katika watu wanne waliohusika, hakuna aliyekaa na kalamu.

Wa akiba ulikuwa mbaya zaidi, na ndio unaosahauliwa. Futi 143 kwa pauni 187 ni zaidi ya 1.3. Wengi huutazama mwavuli wa akiba kama gurudumu la spea: almuradi upo. Lakini mtu hufika chini ya mwavuli huo siku iliyokwisha kumharibikia, pengine akiwa chini sana, pengine akiwa amezimia baada ya kugongana na mwenzake na kifaa cha kielektroniki ndicho kilichoufungua, na hapo atatua bila kuvuta chochote. Ninavyoona mimi, mrukaji mpya angechagua wa akiba kwanza, mpana wa kumstahimili akiwa hana fahamu, ndipo autafutie mkuu wa kufanana nao. Kwake yeye wa 176 ungempa kiasi cha 1.06.

Tulipoutandaza mwavuli mkuu kwenye jamvi na kupima kamba za usukani, ya kushoto ilikuwa fupi kwa sentimita nne kuliko ya kulia. Kamba za aina ile husinyaa taratibu kwa joto la msuguano kila mwavuli unapofunguka, na aliyezizoea hurekebisha kwa mkono bila kujua kwamba anarekebisha. Kwenye picha, kamba iliyosinyaa inafanana kabisa na nzima.

Kona ya chini

Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya majeraha na vifo katika mchezo huu imekuwa ikitokea chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, na kona ya kimo cha chini ni miongoni mwa sababu zake kuu. Mrukaji alilijua hilo kwa kichwa. Alichokosa ni mpangilio wa mambo, lipi linatangulia lipi. Karibu na ardhi, la kwanza ni mwavuli kuwa sawa bila kuinama. La pili ni kuwa na nafasi isiyo na kikwazo mbele. La tatu ni kuvunja mwendo kwa kuvuta sukani zote mbili, angalau nusu. La nne ni kuanguka kwa kubana miguu na magoti pamoja na kujiviringisha. Kuutazama upepo ni kuzuri, lakini hakumo katika hayo manne. Kutua kwa upepo wa ubavuni kungemchubua magoti. Hata kuelekea kwenye minazi palikuwa na njia nyingine, ya kuvuta usukani kidogo tu huku ule mwingine ukiwa umeshikwa nusu, ambayo humgeuza mtu taratibu bila mwavuli kupiga mbizi. Alikuwa amefundishwa kona hiyo akiwa na 210, mara mbili, na hakuirudia tena.

Hata hivyo ni lazima niandike kwamba alipoona anakosea aliikatiza kona na kuusawazisha mwavuli kabla ya kugonga. Wapo wenye miruko mia tano walioendelea kuvuta.

Maji, upepo na agizo la mlangoni

Kiongozi wa kambi na mimi hatukubaliani hapa, na tumekubaliana kuziandika rai zote mbili. Yeye anasema kosa la siku lilikuwa upepo: noti 14 ni zaidi ya maili 14 kwa saa ambazo USPA imeziweka kuwa kikomo kwa wanafunzi, na ingawa mwenye leseni hujiamulia mwenyewe, mtu mwenye miruko 32 angali mwanafunzi kwa kila kitu isipokuwa karatasi. Anajuta kwamba hakumzuia kwa kuogopa kumvunjia heshima mbele ya wenzake.

Mimi nasema ni maji. Mrukaji huyohuyo, kwa noti 14, mahali palepale saa nne asubuhi, angekuwa na mamia ya mita za mchanga kuutazama upepo apendavyo, na asingekuwa na sababu ya kugeuka. Uwanja wetu wa kutua hupungua na kuongezeka kila baada ya saa sita, jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa viwanja vya majani haiwezi kulisema, na mvuvi yeyote wa pale angetuambia saa ngapi utepe utakuwa mwembamba kama tungemwuliza. Agizo jipya la kutua lilihitaji kuchorwa mchangani, kila mmoja akaonesha kwa kidole atageukia wapi. Kuitikia kwa kichwa pembeni mwa injini hakutoshi.

Kizibao cha kuelea hakikuhitajika siku ile, ila uamuzi wa kukivaa ulikuwa sahihi. USPA inashauri kivaliwe pale ambapo mrukaji ataruka, atafungua au atatua ndani ya maili moja ya maji mapana, na hapa kwetu takriban kila mruko ni wa namna hiyo. Mafunzo ya vitendo ya kutua majini, kwa utaratibu wao, hudaiwa kwenye leseni B, ambayo inataka miruko 50. Maana yake ni kwamba mrukaji wa kisiwani anaweza kuruka juu ya bahari kwa miezi kabla hajawahi kuvuliwa hanesi ndani ya maji hata mara moja. Kambi iliyofuata iliwaingiza wote kwenye bwawa la kuogelea siku moja kabla, wakiwa na hanesi kuukuu na shuka la kuwafunika, na wawili kati yao walihitaji kusaidiwa kutoka.

Hali ilivyo sasa

Mrukaji alirejea angani baada ya miezi kumi, kwa mwavuli wa kukodi wa 210, na baadaye akanunua wa 190 uliotumika, pamoja na begi lililoshonwa kwa mtu wa urefu wake. Kabla ya kulipa alining'inizwa kwenye boriti ileile. Tuliketi na kalamu, na kamba za usukani tulizipima sote wawili, kila mmoja peke yake, kisha tukalinganisha.

Begi la zamani bado analo, limetundikwa kwenye chumba chenye kivuli, na watu wameshakuja kuliulizia, kwa kuwa bei yake ni nzuri na kitambaa bado kinang'aa. Amekataa kuliuza mpaka apate mnunuzi atakayemtajia kilo zake na urefu wake kabla ya kuuliza bei.